Mama kasema "nenda", na hilo ndilo linaloninyima usingizi

Assalaam alaykum Bi. Mwalimu, na shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 22, niko mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Mombasa, nasomea uchukuzi na ugavi. Nakaa Likoni na mamangu na dadangu aliye Kidato cha Tatu. Baba tulimzika Machi 2022. Asubuhi navuka feri kwenda darasani, na kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne usiku naendesha tuktuk aliyotuachia baba. Siku nzuri hubaki shilingi 900 au 1,000 baada ya mafuta. Mama hushona mabuibui, lakini macho yake siku hizi hayaoni sindano vizuri, kwa hivyo nyumba yaitegemea tuktuk.

Mwezi uliopita mhadhiri wetu alitutumia tangazo la mpango wa wanafunzi wa shahada ya kwanza huko Nairobi. Ni muhula mmoja, miezi minne. Siku mbili kwa wiki mnasoma, siku tatu mnafanya kazi kama watarajali ndani ya kampuni au shirika la mambo ya mizigo na biashara. Ada ni shilingi 45,000, na watakaofanya vizuri zaidi katika maombi watapunguziwa nusu. Kazi haina mshahara, na malazi na nauli ni juu yako. Wanataka matokeo ya mihula yote, barua mbili za wahadhiri, barua ya mkuu wa kitivo, na insha ya maneno 800 juu ya kikwazo ulichokivuka na kilivyokujenga. Leo zimebaki siku kumi na tisa.

Nilimwambia mama usiku mmoja akichagua mchele. Akasema, "Nenda mwanangu," akaendelea kuchagua. Basi. Bi. Mwalimu, mamangu huyu feri ikikwama kidogo hunipigia simu mara nne. Safari hii hakuniuliza nitalala wapi, nitakula nini, nitarudi lini. Siku tano baadaye dadangu aliniambia alimwona akitoka dukani kwa sonara mjini. Nilimtazama mikono. Bangili mbili za dhahabu alizovishwa siku ya harusi yake hazipo. Sijathubutu kumuuliza. Nikilala naona nimebeba bangili za mama kwenda kupanga mafaili ya watu Upper Hill bila kulipwa.

Kuna na jambo la baba. Baba alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mizigo ilipoanza kupakiwa kwenye reli ya SGR moja kwa moja hadi bohari ya makontena ya Embakasi, Nairobi, kazi ikapungua, na mwaka 2019 akaachishwa. Aliandamana zile Jumatatu za mwaka huo pamoja na wenziwe kuupinga mpango huo, kisha alichopewa akanunulia tuktuk. Alikuwa na msemo wake: "Mimi nimeliwa na Nairobi." Alikufa miezi sita kabla ya Rais Ruto kutangaza, siku ya kuapishwa kwake tarehe 13 Septemba 2022, kwamba shughuli za kutoa mizigo zarudishwa bandarini Mombasa. Siku ile nilikuwa stejini Likoni, redio ya mwenzangu ikisema, nikazima injini. Sasa mimi mwanawe ndiye naomba kwenda kujifunza kazi hiyohiyo katika mji huohuo. Ami yangu aliponisikia alicheka tu, akasema, "Haya, kawasaidie kuhesabu."

La mwisho nalionea haya. Insha sikuandika mimi. Binamu yangu anayesoma Nairobi, ambaye ndiye nitakayekaa kwake Kahawa West, aliniambia insha yangu ya tuktuk ni baridi. Akaniandikia nyingine. Ndani yake babu yangu amekufa katika ajali ya feri ya Mtongwe ya 1994, na mimi nimekulia katika kivuli cha msiba huo. Babu alikufa kitandani kwake mwaka 2009, mimi mwenyewe nakumbuka uji wake. Aliyefiwa Mtongwe ni mzee jirani yetu, alimpoteza mkewe. Miaka mingi hakuvuka kabisa, na barabara ya Dongo Kundu, inayofika mjini bila feri, ilipofunguka ndipo alipoiona tena Mwembe Tayari. Mimi ndiye humpeleka kwa tuktuk hadi anapopandia matatu. Binamu asema kila mtu hutia chumvi, na bila nusu ya ada siwezi kwenda. Insha ni nzuri, Bi. Mwalimu. Nimeisoma mara kumi. Sijaituma, wala sijaifuta.

Niende? Niache? Nisaidie.

Mwana wa Tuktuk, Likoni

*

Wa alaykum salaam, mwanangu, na marahaba.

Barua yako niliisoma asubuhi, nikaiweka, nikairudia baada ya Adhuhuri. Nikikusikia sawasawa, unaniuliza kama uende Nairobi kwa miezi minne, lakini barua yenyewe imejaa watu: mama asiyeuliza, baba aliyeachishwa, ami anayecheka, na mzee asiyepanda feri. Mji wenyewe umeutaja kidogo sana. Hukuniambia hata unataka kujifunza nini huko. Hilo nitalirudia.

Kwanza bangili. Umeona mkono mtupu, umesikia habari za sonara, na papo hapo ukajifungia hukumu: mama ameuza dhahabu yake kwa ajili yangu. Yawezekana. Lakini kwa sonara watu hupeleka dhahabu kwa sababu nyingi. Huenda ameiweka rehani, huenda kishikizo kimekatika. Na una dada wa Kidato cha Tatu, na shule nazo haziachi kudai. Je, kama bangili zimekwenda kwa karo ya dadako, na wewe wakesha ukiomboleza deni ambalo si lako? Au kama ni lako kweli, hujui bado amepata kiasi gani, na kama zakomboleka au zimeshayeyushwa. Hayo ni mambo ya kuulizwa, na siku zinahesabika, maana rehani nayo ina tarehe yake.

Na ile "nenda" yake. Umeisoma kama jeraha. Mimi, mama wa wanne, nitakwambia kuna "nenda" za namna nyingi. Kuna ya mtu aliyekwisha amua zamani, akawa anangoja tu uulize. Kuna ya mtu anayeogopa akifungua mdomo atalia, akuharibie safari. Na kuna ya mtu ambaye hajaelewa vizuri ni kitu gani unachomwambia, akaona haya kuuliza. Ulimweleza usiku, amechoka, macho yamemchosha, mbele yake sinia la mchele. Ulimwambia ada? Ulimwambia kwamba kazi haina mshahara? Barua yako haisemi. Inawezekana hakuuliza maswali kwa kuwa hukumpa cha kuulizia.

Nikija kwa baba, hapa nataka kwenda polepole, maana marehemu ana heshima yake na maneno yake ni ya kwake. "Nimeliwa na Nairobi" ni maneno ya mtu aliyepoteza kazi akiwa na watoto nyumbani. Sitayapunguza. Walioishi Mombasa miaka ile wanayajua maduka yaliyofungwa na vijana waliorudi nyumbani na vitambulisho vya kazi mfukoni. Lakini jiulize maneno yale yalikuwa wasia au yalikuwa uchungu. Wewe ulikuwa karibu naye, wajua. Alikukataza kuusomea uchukuzi? Alipokuwa hai ulishachagua masomo gani shuleni, naye alisemaje? Nauliza kwa sababu mtoto wa karani wa mizigo kuchagua kusomea mizigo si jambo linalotokea hivihivi tu.

Upande wa pili wa jambo hilo nao una uzito, na ami yako, pamoja na kicheko chake, huenda ameugusa. Bandari iko hapa. Gati ziko Kilindini na Kipevu, wewe waziona kila ukivuka. Mamlaka ya Bandari hupokea wanafunzi wa kujifunza kazi, Mamlaka ya Shughuli za Baharini ina makao yake makuu papa hapa, na mawakala wa forodha wamejaa mjini. Kwa nini basi Nairobi? Kuna majibu mazuri ya swali hilo. Maamuzi mengi ya ushuru, ya sera na ya mifumo ya kompyuta inayopitisha makaratasi ya kontena hufanywa Nairobi, na mwenye kuijua meza ile na gati hii kwa pamoja ni mtu adimu. Babako aliumizwa na uamuzi uliofanywa mbali na gati. Mtu anaweza kutaka kwenda kuona chumba ambamo maamuzi kama yale hufanyika. Lakini pia kuna majibu mabovu: kwamba tangazo lilikuja na lina nembo nzuri, au kwamba wenzako wote wanaomba. Sijui lako ni lipi. Ukiweza kulisema kwa sentensi mbili kwa Kiswahili, bila insha, utakuwa umepiga hatua.

(Nyinyi vijana husikia "mji mkubwa" mkaona Nairobi tu. Hapo Tudor palipo chuo kikuu cha ufundi leo, miaka ya 1950 palikuwa MIOME, chuo cha ufundi cha Waislamu, na vijana walikuja kusoma kutoka Unguja, Tanganyika na Uganda. Mji mkubwa ulikuwa huu wetu, na mama zao walibaki huko wakihesabu siku. Basi, nimemaliza ya kizee.)

Tuje kwenye hesabu, maana ndiyo itakayokuamsha au kukulaza. Wahenga walisema msafiri ni maskini ajapokuwa sultani, na hawakuwa wameiona kodi ya nyumba ya Nairobi. Hata ukikaa bure kwa binamu, kutoka Kahawa West hadi Upper Hill ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na nauli za Nairobi hupanda jioni na hupanda zaidi mvua ikinyesha. Treni ya SGR behewa la kawaida ni shilingi 1,500 kwenda tu, kabla hujafika Miritini wala hujatoka Syokimau. Chakula. Viatu vya ofisini. Na sweta, mwanangu, usicheke. Mimi nilipanda bara mwezi wa Julai na ndara na leso mbili, na mpaka leo nikisikia neno Limuru meno hugongana. Andika kila kitu kwenye karatasi, halafu pembeni andika tuktuk ingeleta nini miezi hiyo minne. Hasara yako ni ada na nauli pamoja na zile 900 za kila siku zitakazokosekana mezani kwa mama.

Ila hazitakosekana zote lazima. Hukutaja uwezekano wa kumpa dereva mwingine akuletee hesabu ya siku, na nashangaa, maana Likoni kila mwenye chombo anajua utaratibu huo. Labda umeufikiria ukauogopa, na una haki ya kuogopa. Dereva wa hesabu hakionei huruma chombo cha mtu, atakiendesha juu ya kila shimo. Bima ikiisha katikati ya muhula, nani atalipa? Akikosa leseni ya kubeba abiria akakamatwa, ni mamako atakayekwenda kituoni. Lakini kuna dereva na dereva. Stejini kwenu wapo wanaojulikana, na yupo mtu mzima mmoja wenu anayeweza kusimamia. Mchukue mtu mwezi huu ukiwa bado upo, aendeshe Jumamosi na Jumapili, uone anarudisha nini na chombo kinarudi vipi. Utajifunza zaidi ya nitakayokwambia mimi.

Waulize na wenye mpango, kwa maandishi, kabla ya kutoa hata shilingi. Chuo chako kitaihesabu miezi hiyo kama muhula wa masomo na mafunzo ya kazini, au utarudi ukute umebaki nyuma ya wenzako? Hilo la mwisho liwe kwenye barua ya mkuu wa kitivo, asikujibu kwa mdomo kwenye korido. Kampuni utakayopelekwa utaijua kabla ya kulipa au baadaye? Ukiugua au ukiitwa nyumbani, ada inarudi? Ukipata ajali kazini, nani anasimama nawe? Kama una mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, muhula huo unaingiaje? Na uliza kama wanapokea maombi kila mwaka. Ukiomba mwakani, ukiwa mwaka wa nne, watakukubali? Kungoja mwaka kuna faida zake: dadako atakuwa ukingoni mwa shule, utakuwa umeweka akiba. Kuna na hatari yake: mwakani tangazo huenda lisije, au wewe ukawa umeshazoea kusema "mwakani".

Kubaki pia si bure, usije ukaliona ndilo shimo lisilo na nyoka. Ukiomba nafasi bandarini utashindana na wengi, na ukipata unaweza kukaa miezi mitatu unatoa nakala na kutumwa chai. Tofauti ni kwamba jioni utakula kwenu, na tuktuk itaendelea kutembea.

Halafu kuna jambo dogo ambalo katika wasiwasi wako umelipita. Kuomba si kwenda. Siku kumi na tisa ni za kutuma karatasi. Wakikukataa, nusu ya mawazo haya yatakwisha yenyewe. Wakikukubali bila punguzo, utakuwa na swali moja, na wakikupunguzia utakuwa na jingine. Lakini nalo hili nisikupambie: ukishakubaliwa, kukataa huwa kugumu, hasa kama mama atakuwa ameshawaambia wanawake wa mtaa.

Sasa insha. Nimeiacha nyuma kwa sababu nawe uliiacha nyuma.

Umesema mwenyewe kwamba waionea haya, kwa hiyo sitakuhubiria. Nitakuuliza kuhusu binamu tu. Anasema kila mtu hutia chumvi. Chumvi hutiwa kwenye mchuzi wako, na huu mchuzi ni wa jirani. Tarehe 29 Aprili 1994 walikufa watu 272, asubuhi, wakienda kazini, kama unavyovuka wewe. Mtongwe na Likoni nzima wajua nani alizika nani. Unadhani Nairobi hakuna watu wa Likoni? Anayesoma maombi hayo anaweza kuwa mtoto wa Mtongwe, akakuuliza kwenye mahojiano, kwa upole kabisa, babu yenu aliitwa nani. Hiyo ni hatari moja. Nyingine ni ya kimyakimya: upate nusu ya ada, ukae miezi minne miongoni mwa watu wanaokujua kwa msiba usio wako, wakikupa pole. Na ukirudi umpakie mzee mpaka anapopandia matatu ya Dongo Kundu. Wewe unajua kama unaweza kulibeba hilo. Wengine huweza.

Nikiwa mwalimu, miaka thelathini na ushee nimesahihisha insha, na hii yako "baridi" ningependa kuiona. Katika barua hii, bila kukusudia, umeniandikia juu ya mtu aliyezima injini stejini Likoni kwa sababu habari aliyoisikia redioni ilimchelewa babake kwa miezi sita. Umeandika kwa nini mtoto wa karani aliyeachishwa anataka kuijua njia ya kontena kutoka gatini hadi Embakasi. Mimi sikuiona baridi. Labda ile uliyompa binamu ilikuwa na takwimu za mafuta na neno "bidii" mara saba, sijui. Na labda bado haitashinda. Wasomaji wa insha wana mapenzi yao, na hakuna anayeweza kukuahidi punguzo. Ukituma ya kwako ukakosa, utakosa kweli, na 45,000 itabaki 45,000. Hilo nalo liweke kwenye ile karatasi ya hesabu.

Kama ungekuwa karibu ningekwambia tuanze na mama, maana mengine yote yananing'inia hapo. Usimfuate akiwa na mchele wala na sindano. Mpakie kwenye tuktuk jioni moja isiyo na kazi, mwende upande wa Shelly muone bahari, umsomee ile karatasi yako yote: ada, nauli, dereva, miezi minne, hakuna mshahara. Kisha nyamaza kidogo. Akisema tena "nenda", utaisikia ni "nenda" ya namna gani. Na mkono wake utakuwa hapo mbele yako, swali lenyewe litakuja.

Ukishajua bangili ziko wapi, niandikie.

Bi. Mwalimu